Mlima Kenya mwezi wa Novemba
Kwa mnaouliza kama mnaweza kupanda Mlima Kenya Novemba na kulala huko na hema, inawezekana, ila pitieni njia ya Sirimon, ile njia ya Naro Moru muiache mpaka Januari. Vuli inanyesha Oktoba hadi Desemba na Naro Moru ina lile tope la Vertical Bog, mnatoka hapo mmelowa alafu usiku juu ya mita 4,000 kunaganda kabisa, na nguo mbichi kwenye baridi hiyo inaweza kukuua. Sirimon iko upande mkavu. Mimi naishi Nanyuki, msimu huu asubuhi kilele unakiona vizuri, ikifika saa nane mawingu yashafunga, kwa hivyo tokeni mapema sana. Tatizo hata Sirimon theluji mpya inafunika njia kule karibu na kilele cha Lenana, msiende bila mwongozaji jamani.