Joto ndo linaua gari zetu, sio uzee

Wadau, Desemba hiyo inakaribia, watu wanaanza kujipanga kwenda mikoani, na mi kila mwaka nikipita Ruaha Mbuyuni kwenye wauza vitunguu nakuta gari ndogo zimepaki boneti juu, mvuke unatoka, familia imekaa kivulini na baba ana chupa ya maji mkononi anazunguka zunguka. Wengi wametoka Dar alfajiri gari ikiwa nzima kabisa. Na hapo Kitonga yenyewe, ule mlima wenye kona, hata hawajaianza.

Nimeendesha hizi used za Japani miaka mingi, zote za injini ndogo, na ninachoamini mpaka leo ni kwamba haziuliwi na kilomita, zinauliwa na joto. Joto la injini, la gia boksi, la breki, la tairi. Ukilidhibiti hilo, gari ya 2005 inakupeleka Tunduma na inakurudisha bila kelele.

Tuanze na maji manake ndo penye vilio vingi. Asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa, kabla hujaiwasha, fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, sio ile chupa ya pembeni, alafu chungulia. Maji yawe yamefika juu shingoni na yawe na rangi, pinki, nyekundu, kijani, inategemea umeweka nini. Pitisha kidole ndani ya shingo. Kikitoka na tope la kahawia ujue kuna mtu alishawahi kujaza maji ya bomba au ya kisima, na maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi, hiyo chumvi inakula aluminiamu ya injini na rejeta taratibu huku we unaona gari inatembea tu. Kulanti, yani hayo maji ya rangi, sio ya kupendezesha, inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka. Ukinunua ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, ila ukinunua ile ambayo imeshachanganywa kiwandani usiongeze maji, unaiharibu. Na iweke mbali na watoto, ina utamu flani lakini ni sumu.

Mfuniko wenyewe nao watu wanauchukulia poa sana. Angalia juu yake kuna namba, 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha unayobana, na hiyo presha ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yanafika hata 120 bado hayajachemka. Mpira wake ukichoka presha inavuja, maji yanachemka mapema, unaanza kubadilisha wota pampu, unabadilisha feni, kumbe tatizo ni mfuniko. Ndo maana pia huwezi kuufungua gari ikiwa ya moto, ukiachia tu presha yale maji yanachemka ghafla yanakurukia usoni pamoja na mvuke. Nimeshaona mtu ameungua mkono mpaka kwenye kiwiko kwa sababu alidhani kitenge kinatosha kujikinga.

Alafu kuna suala la thamostati, kile kidude kinachofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta. Hapa mafundi wengi mtanichukia. Shemeji yangu alikua na Vitz, ikachemsha kidogo, akapeleka gereji, fundi akaitoa thamostati akamwambia "shem huku kwetu joto, hii kitu waliweka kwa ajili ya baridi ya Ulaya". Gari ikaanza kunywa mafuta balaa. Thamostati inakaa imefunga mpaka maji yafike kama nyuzi 80 na kitu ndo inafungua, ukiitoa injini inachelewa kupata moto wake, kompyuta inaona bado ya baridi inaendelea kumwaga petroli. Na kuna injini ukiitoa ndo zinachemsha zaidi, kwa sababu maji yanakatiza njia fupi yanarudi kwenye injini bila kupoozwa vizuri kwenye rejeta. Imekufa? Weka mpya orijino, sio kitu cha kukuuzia shamba.

Kwa wenye Vitz, Passo, IST, mnajua dashibodi zenu nyingi hazina mshale wa temperecha, kuna taa ya bluu ikiwa ya baridi na nyekundu ikizidi, basi. Sasa ile nyekundu ikiwaka mara nyingi umeshachelewa. Nunua kile kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu kwa bluetooth, sio ghali, unaona nyuzi kabisa. Kwenye 90 na kidogo uko salama, ikianza kupanda 105, 110 usisubiri taa.

Ikipanda: zima AC, washa hita ya ndani moto wa mwisho na feni ya mwisho (ndio, mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto kwenye injini), tafuta pa kupaki. Ukiona mvuke zima injini, kaa angalau nusu saa ndo uguse mfuniko. Usimwagie injini maji ya baridi ikiwa ya moto, silinda hedi inapasuka au inapinda. Na usiseme "nisogee tu mpaka pale mbele kwa fundi". Hiyo pale mbele ndo inaunguza gasketi. Baadae ukifungua mfuniko wa oili ukakuta uji kama chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili, na hapo tunaongelea hela nyingine kabisa.

Gia boksi nitapita haraka. Jua gari yako ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) au otomatiki ya kawaida kabla hujamkabidhi fundi. IST ile ya kwanza ni ya kawaida, ile iliyotoka 2007 nyingi ni CVT, na oili zake haziingiliani. Kuna watu bado wanaweka ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, kwenye CVT kwa sababu "zote nyekundu", alafu gari ikianza kutetemeka wanasema ina pepo.

Sasa breki. Kitonga wakati wa kurudi Dar, Sekenke, Inyala na Iwambi kule Mbeya, hizi sehemu usishuke na mguu juu ya breki mwanzo mwisho. Shusha gia, weka 2 au L, kwenye CVT weka S au B, injini ipige kelele, kelele haiui gari, iache ikushike. Wale wanaoweka nyutro ili kubana mafuta mnajidanganya, gari ya EFI (ambayo kompyuta ndo inapima mafuta) ikiteremka ikiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta inakata petroli yenyewe, ukiwa nyutro ndo inakunywa ili isizime. Na breki fluidi inafyonza unyevu hewani. Ile ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140 hivi. Ikichemka ndani ya mabomba unakanyaga pedo inazama tu, kama haina kitu. Hata kama pedi ni mpya! Badilisha kila baada ya miaka miwili, ni bei ndogo kuliko kuosha viti.

Tairi nazo. Inayopasuka barabarani mara nyingi haikua na upepo mwingi, ilikua na upepo mdogo, inajikunja kunja kwa spidi, inapata moto, inachanika. Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, za Japani wanaandika kPa, 220 ni kama PSI 32. Ile namba iliyopo ubavuni mwa tairi ni mwisho wake, sio ya kujaza. Pima asubuhi kabla hujatembea, na ukipima njiani ukakuta imepanda usitoe, ni joto hilo. Alafu tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Tairi ya mtumba inaweza kua na meno mazuri yanayokudanganya huku mpira umeshakauka, na we umebeba watoto kwenye lami ya saa nane mchana Mikumi.

Kupanda Kitonga nyuma ya semi kunakera, najua, ila kaa nyuma yake, acha nafasi, zima AC, angalia nyuzi zako. Kuovateki kwenye kona za pale ni kubahatisha.

Na beba pembetatu mbili za kuakisi. Gari ikizima usiku ziweke mbali nyuma ya gari, toa watu wote nje wasogee pembeni mbali na lami, sio mnakaa ndani mnachati mkimsubiri fundi. Kama huna pembetatu ukakata matawi kama wafanyavyo madereva wa malori, sawa, lakini ukishatengeneza ukaondoka, rudi uyatoe hayo matawi barabarani.