Kompyuta inanguruma, monita haina habari nayo

Jumamosi moja niliamua kuitoa vumbi kompyuta yangu ya mezani. Nikachomoa nyaya zote, nikafungua kasha, nikapuliza feni, nikafunga, nikarudisha nyaya. Nilipobonyeza swichi feni zikazunguka na taa zikawaka. Monita ikaandika "No Signal", maandishi yakaelea kioo kizima kwa sekunde chache, kisha giza.

Nilichofanya baada ya hapo usikiige. Nilifungua tena kasha, nikachomoa RAM (vijiti vya kumbukumbu), nikachomoa kadi ya grafiki inayotengeneza picha, nikatoa betri ya ubao mama, ile bodi kuu, nikavirudisha vyote kwa mkupuo. Hata mashine ingepona muda ule nisingejua kilichoiponya ni kipi. Saa nne zikapita hivyo, na tayari nilishaanza kutafuta monita nyingine mtandaoni.

Kosa lilikuwa hili: kebo ya picha, ya HDMI, nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la ubao mama badala ya tundu la kadi ya grafiki. Matundu mawili yanayofanana kama mapacha, moja juu, jingine chini yake kidogo, nyuma ya kasha ambako mtu huchomeka kwa kupapasa. Prosesa yangu ni ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa namba yake, na hizo hazina grafiki ya ndani, yaani haziwezi kutoa picha zenyewe. Tundu la ubao mama kwangu ni pambo tu.

Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, geuza kasha uangalie. Ukiwa na kadi ya grafiki, matundu yake yamelala kando, chini ya yale ya USB na ya sauti, na kebo ya monita inakaa huko. Prosesa nyingi za Ryzen za mezani, za AMD, zilizotoka kabla ya mfululizo wa 7000, zile zisizo na G mwishoni, nazo hazina grafiki ya ndani. Na hata kama prosesa yako inayo, bodi nyingi huizima zikiona kuna kadi.

Siku hizi nikiona "No Signal" naipokea kwa shukrani. Maana yake monita ina umeme, kioo chake kinawaka, na inangoja tu kuletewa picha. Bonyeza kitufe cha menyu yake. Menyu ikifunguka vizuri, usiishuku monita, shida iko kwingine. Monita isiyoonyesha hata kitaa kidogo kwenye kitufe ni kesi nyingine, ya umeme: anza na soketi, waya na adapta yake.

Ukiwa ndani ya menyu hiyo, hakikisha imechaguliwa njia unayoitumia. Monita yenye HDMI mbili na DisplayPort moja (aina nyingine ya tundu la picha) inaweza kung'ang'ania HDMI 1 na wewe umechomeka HDMI 2. Usitegemee ijitafutie yenyewe. Nyingine hujitafutia, nyingine husinzia.

Kisha kuna kipimo kimoja kidogo ninachokipenda sana. Kompyuta ikishawaka kwa dakika moja au mbili, bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta imeamka na iko kazini, imekosa tu pa kuonyesha picha: shughulika na kebo, tundu na mipangilio. Isipobadilika, huenda mashine yenyewe haijamaliza kuamka, na hapo ndipo RAM na wenzake wanaingia kwenye orodha ya washukiwa. Kama ningefanya kipimo hiki ile Jumamosi, RAM yangu ingebaki imetulia mahali pake.

Kebo ijaribu kwa kuibadilisha, si kwa kuitazama. Adapta nazo zina hila yake: nyingi hufanya kazi upande mmoja tu. HDMI hubeba picha ya kidijitali, VGA, ile ya zamani, hubeba ya analogi, hivyo katikati lazima kuwe na chipu ya kutafsiri, na chipu iliyotengenezwa kutoa HDMI kwenda VGA haiwezi kugeuzwa ikatafsiri kinyume. Vivyo hivyo kebo rahisi ya DisplayPort kwenda HDMI: upande wa DisplayPort ukae kwenye kompyuta. Ukiigeuza, utakesha.

Kama kompyuta imeamka na kebo ni nzima, jaribu kibodi kabla ya kufungua kitu. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Draiva ya grafiki, ile programu inayoiendesha, inaanzishwa upya, na mara nyingi utasikia mlio mfupi. Kitufe cha Windows na P hufungua orodha ya kuchagua picha iende kioo gani; kuna watu wamehangaika siku nzima kumbe picha ilikuwa inapelekwa kwenye projekta iliyokwisha chomolewa. Na monita yenyewe inaweza kuganda kama kifaa kingine chochote, hivyo ichomoe kwenye umeme kabisa, subiri dakika chache, urudishe.

Sasa RAM, kwa ambao Num Lock imekataa. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ndipo uingize mkono. Toa RAM zote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa ungaunga, rudisha moja tu. Sukuma mpaka usikie vibano vimelia. Mtu mwoga huiacha nusu, nayo ikiwa nusu ni sawa na haipo. Bodi nyingi zina vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (hapa ni kadi ya grafiki) na BOOT (kuamka). Kinachobaki kinawaka kinakuonyesha mashine imekwama wapi. Ukiwa humo ndani, angalia pia kama kadi ya grafiki yenye tundu la umeme la pini 6 au 8 imepewa waya wake. Sloti ya bodi huipa kadi wati 75 tu, na kadi kubwa haishibi hapo. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kukupiga hata ikiwa imechomolewa.

Kwa mashine mpya yenye RAM ya aina ya DDR5, usikimbilie kuzima. Mara ya kwanza bodi huipima RAM, na inaweza kukaa gizani dakika kadhaa.

Kuna namna nyingine ya kompyuta kutoitambua monita ambayo ni ya kichinichini zaidi, nayo ilinikuta kwa monita ya pili, ya zamani, ya VGA. Picha ilikuja, lakini imevimba na ukungu, nukta 1024 kwa 768, na kompyuta ikakataa kunipa kipimo kikubwa zaidi. Kwenye orodha ya vifaa ilijiita "Generic Non-PnP Monitor", yaani kompyuta inaiona lakini haijui ni nani. Nikabadilisha draiva mara mbili bure.

Monita huwa inajitambulisha. Ina faili dogo liitwalo EDID, baiti 128 za mwanzo zikieleza mtengenezaji, modeli na vipimo inavyoviweza, na kwenye VGA taarifa hizo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Picha yenyewe ina pini zake. Ndiyo maana picha inaweza kufika na utambulisho usifike. Nilimulika kichwa cha kebo kwa tochi ya simu: safu tatu za pini tano tano. Katika safu ya mwisho, ya pili yake ilikuwa imelala kabisa ubavuni, kama ukucha uliopinda. Ilikuwa ya 12. Nilichukua penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, nikaivisha ile ncha ya bomba juu ya pini, nikainyanyua taratibu. Nilipochomeka tena, jina la monita likatokea lenyewe, na vipimo vyake vyote.

Angalizo: ukiona pini moja haipo katika safu ya kati, ya tisa, usihangaike. Kebo nyingi zilitengenezwa bila hiyo.

Ukishamaliza haya yote na bado ni giza, mpelekee fundi mashine pamoja na majibu yako: menyu ya monita ilifunguka au la, Num Lock iliitika au la, kitaa gani kilibaki kinawaka. Utamwokolea nusu ya muda.

Matundu ya picha ya ubao mama wangu nimeyabandika utepe mweusi.