Baiskeli za marehemu zisiondoke kabla hazijaandikwa

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu amefariki, huu ni mwezi wa pili, nami bado niko eda nyumbani kwetu Tudor, Mombasa. Wazazi wake walitangulia. Alikuwa mtu wa baiskeli. Ameacha 9: tano za milimani, tatu za mbio, na Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya kizamani, ya marehemu babake. Ukumbi umejaa. Baada ya arobaini shemeji yangu alikuja na pikapu azichukue "akazihifadhi", kwa kuwa ni mali ya nduguye. Nikamwambia angoje, akaondoka amenuna. Fundi wa mtaani anazitaka zote kwa bei moja. Kijana wangu wa miaka 17 anataka ziuzwe apate pikipiki. Binti yangu wa miaka 14 hasemi kitu. Kila Jumapili alfajiri alikuwa akitoka na babake kwa baiskeli mpaka ufukweni Mama Ngina, na tangu msiba hajaigusa yake. Ada ya shule inakuja, nami hata sijui ipi ni ipi. Nifanyeje?*
*Mjane, Tudor*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na awape nyote subira.

Shemeji ulimjibu vyema, na ushike hapo hapo. Isitoke hata baiskeli moja, iwe ya kuhifadhiwa au ya kuazimwa, kabla zote hazijaandikwa na kutiwa thamani. Hizo ni mirathi sawa na nyumba au pesa za benki. Hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia ikiwa upo nao usizidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Wewe una thumuni, sehemu 1 kati ya 8. Kinachobaki ni cha watoto, kijana sehemu 2 na binti sehemu 1. Marehemu ameacha mtoto wa kiume, basi nduguye harithi kwake. Kama hakubali, Mahakama ya Kadhi ipo, na mirathi ya Waislamu ni katika kazi ilizopewa na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Ndugu yako wa kiume aende akuulizie utaratibu, wewe ukae na eda yako. Na uulize hasa kuhusu fungu la watoto. Wote wawili hawajafika miaka 18, na mali ya yatima haiuzwi ovyo, hata na mama yao.

Lakini kuna moja ambayo huenda shemeji anayo haki nayo: ile Black Mamba. Ikiwa ilikuwa ya baba yao na haikugawanywa alipofariki, basi ni mali ya baba yao bado, na warithi wake ni zaidi ya mumeo peke yake. Muulize kwa upole. Pengine ndiyo aliyoijia na pikapu, akashindwa kuitaja. Mtu aliyefiwa na baba kisha na ndugu aweza kuja na maneno ya mali huku moyoni anatafuta kumbukumbu. Hilo likiwa kweli, mwambie waziwazi kwamba fungu lake humo litahesabiwa, na usishangae akitulia.

Sasa kuhusu kujua ipi ni ipi. Umeniandikia kwamba huzijui, na katika barua hiyo hiyo umenitajia mtu anayezijua, ambaye analala chumba cha pili. Binti aliyetoka na babake kila Jumapili anajua ipi ina gia zinazoruka, ipi ilinunuliwa mitumba na ipi mpya, na huenda anajua pia ipi haijamalizwa kulipwa. Usimkalishe umuulize anajisikiaje. Mpe daftari. Mwambie, "Mwanangu, nisaidie kuziandika za baba, mimi sizijui." Watoto wengi hufungua kinywa mikono ikiwa kazini.

Aandike kila moja katika ukurasa wake na aipige picha. Za mbio utazitambua kwa usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume na tairi nyembamba. Za milimani zina usukani ulionyooka, tairi pana zenye meno, na mara nyingi shokomzoba kwenye uma wa mbele. Apindue fremu atazame chini, pale mhimili wa pedeli unapopita. Hapo ndipo namba ya fremu hugongwa mara nyingi, na namba hiyo ndiyo ushahidi wenu baiskeli ikipotea. Aandike jina lililo kwenye gia na breki, na saizi iliyo ubavuni mwa tairi, kwa maana mnunuzi ataiuliza. Tairi ya inchi 26 na ya 29 haziingiliani: rimu ya 26 ya baiskeli ya milimani ina kipenyo cha milimita 559, ya 29 ina 622, sawasawa na ile ya 700 ya baiskeli za mbio. Na mkiona fremu kuukuu yenye kibandiko cha Reynolds 531, msiidharau kwa kuchubuka rangi. Hizo ni bomba za chuma zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1935, na wapenzi wa baiskeli huzitafuta mpaka leo.

Ndiyo sababu bei moja ya fundi siipendi hata kidogo. Atakayenunua 9 kwa mkupuo atazivunja: magurudumu kwake, gia kwa huyu, breki kwa yule, na vipande vikijumlishwa huenda vikapita mbali bei aliyokutajia. Waite wenzake marehemu waliokuwa wakiendesha naye, wawili au watatu, wakae na ndugu yako, kila mmoja ataje thamani ya kila baiskeli. Atakayekuwa na nia ya kununua asiwe miongoni mwa wanaothamini. Wao hao waulize kama kuna iliyonunuliwa kwa mafungu, maana hilo ni deni la marehemu, au iliyoachwa na mtu ili itengenezwe. Watu wa baiskeli huachiana vitu bila kuandikiana, na amana hairithiwi.

Katika kungoja msiziache zikasimama tu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Cheni hushika kutu, na bomba la alumini linaloshika kiti, likikaa ndani ya fremu ya chuma bila grisi, hung'ang'ania mpaka likataka kukatwa. Wekeni alama ya tepu kwenye urefu wake, mlitoe, mlipake grisi, mlirudishe pale pale. Zipanguseni kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima ya chumvi msiyatumie kabisa. Kisha zikausheni na mtie cheni mafuta ya mashine, si ya kupikia. Tairi zijazwe upepo, zisikae zimelalia rimu. Zisogezeni mbali na dirisha la upande wa bahari.

Nije kwa binti, kwa maana yeye ndiye aliyenikaa moyoni. Baiskeli aliyokuwa akiiendesha isiuzwe. Kama babake alimpa iwe yake, na wapo wanaojua hivyo, mwelezeni kadhi, kwani aliyopewa mtu mzazi angali hai haimo katika mirathi. Kama hakumpa, ihesabiwe katika fungu lake kwa thamani iliyokubaliwa. Mtu asije akakuambia kwamba baiskeli ni za mtoto wa kiume. Aliyemtoa mtoto huyu alfajiri akampeleka mpaka Mama Ngina alikuwa babake mwenyewe, na alijua anachofanya.

Na kijana usimpuuze. Ana haki ya kutaka fungu lake, lakini pikipiki si jambo la kuamuliwa ndani ya eda. Mwambie hivyo bila kumkemea, kisha umpe kazi ya mtu mzima: akae na ndugu yako siku ya kuthamini, asikilize, aandike bei. Na Jumapili mojawapo, dada yake akiwa tayari, atoe moja ya zile za milimani amsindikize. Wasianze na njia ndefu; wapite mitaa ya Tudor kabla magari hayajawa mengi, wakarudi mkanywa chai pamoja.

Kuhusu ada, mwandikie mwalimu mkuu sasa, kabla ya tarehe, umweleze msiba na uombe kulipa kidogo kidogo. Utaratibu wa kadhi ukipatikana, ya kwanza kuuzwa iwe ile yenye thamani kubwa ambayo hakuna mtoto anayelingana nayo kwa urefu. Binti ataijua.