Bastola ya Hewa: Kosa ni la Mtutu au la Risasi?

SWALI: Ninafanya mazoezi ya shabaha ya mita 10 kwa bastola ya hewa ya milimita 4.5. Siku hizi matundu yanatawanyika ingawa mshiko wangu haujabadilika. Je, nisafishe mtutu kila siku?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuugusa mtutu, zikague risasi zako. Risasi hizi za madini laini huharibika hata kwa kutikiswa ndani ya kopo. Mwaga chache juu ya kitambaa cheupe, kisha uzitazame moja moja upande wa nyuma: ile ambayo ukingo wake mwembamba umebonyea au una mkwaruzo haitaubana mtutu sawasawa, hewa itapenya pembeni, na risasi itayumba njiani. Kwa kuwa duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 tu, kuyumba kidogo kunatosha kukukosesha alama hiyo. Jaribu pia risasi zenye vipenyo tofauti vya kichwa, kama milimita 4.49 na 4.50, huku bastola ikiwa imeegemezwa imara, kwani kila mtutu una risasi inayoufaa.

Kusafisha kila siku sikushauri hata kidogo. Kwa mwendo mdogo wa risasi za bastola hizi uchafu hujijenga polepole, na mtutu uliotoka kusafishwa huhitaji risasi kadhaa ndipo utulie. Unapoona haja, pitisha vizibo vya sufu kutoka nyuma kuelekea mdomoni mwa mtutu, bila ufito wa chuma, maana mkwaruzo mdomoni hauponi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu madini ya risasi hizi, yaani ledi, ni sumu.