Ukikohoa, usiende kwa gorila

Mara ya kwanza nilipofika Tshivanga, kituo cha kuingilia Hifadhi ya Kahuzi-Biega, nilikuwa na mafua. Tulitoka Kadutu, Bukavu, alfajiri, tukapita mahali paitwapo Miti kukiwa bado na ukungu. Mlinzi aliyekuwa akitueleza masharti akanisikia nikikohoa, akaniita pembeni: "Mama, leo hautaingia kwa gorila. Pole sana." Nililia kwa hasira. Wenzangu wakaenda, mimi nikabaki nimekaa, nasikiliza mvua.

Leo namshukuru. Gorila wa Kahuzi-Biega, wale wa aina ya Grauer, hawaishi porini popote ila mashariki ya Kongo yetu. Mwili wao umekaribiana sana na wetu, hata mafua yetu yanawashika, na yanaweza kuwaua. Ndiyo maana ya barakoa, na ya kusimama mbali, na ya kukaa nao saa moja tu. Ukiamka na kikohozi, ahirisha, hata kama umeshalipa gari. Na tafadhali usimeze dawa ya kukificha.

Mara ya pili, nikiwa mzima, nilichagua kupanda mlima wenyewe. Kahuzi ina mita 3,308. Sisi wa Bukavu tunadhani baridi na matope tumevizoea tangu utoto, lakini ndani ya mianzi majani yaliyooza yanateleza kama sabuni, na upupu unachoma hadi kupitia suruali nyepesi. Buti za mpira za sokoni zinatosha. Vaa soksi ndefu, ingiza suruali ndani yake, beba glavu na koti la mvua. Chakula kiwe chepesi: ndizi mbivu, karanga, maji. Maganda na chupa urudi navyo.

Kabla ya yote hayo, uliza hali ya usalama, kwa wahifadhi na kwa watu wa Miti pia. Wakisema ngoja, ngoja.

Jambo moja bado linaniuma. Msitu huu ulikuwa nyumba ya Batwa, watu wa asili wa msitu, wakatolewa hifadhi ilipoundwa, miaka ya 1970. Baadhi yao leo ndio wanaowatafutia wageni nyayo za gorila. Ukipata bahati ya kuongozwa na mmoja wao, usimharakishe. Mwulize majina ya miti. Wetu alisimama kwenye kila mti alioujua. Tulifika kileleni mawingu yameshalifunika ziwa Kivu, wala sikujuta.