Hamira ya sida katika chumba chenye joto

Lita 20 za kwanza za sida, yaani kileo cha matofaa, nilizochachusha nyumbani Kampala ziliharibika, ingawa hamira ilikuwa nzima na dumu lilikuwa safi. Nilikuwa nimechagua hamira ya mvinyo mweupe inayosifiwa kwa manukato yake, bila kuzingatia kwamba hutaka nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, ilhali chumba changu kilicho chini ya mabati hufika nyuzi 28 mchana. Hamira ya namna hiyo ikizidiwa na joto hutoa vileo vizito vinavyonuka kama thina ya rangi na kuunguza koo. Niliihifadhi sida ile miezi sita, na ukali ulipungua kidogo tu.

Kwa hiyo nashauri joto lipimwe kwanza, tena kwenye dumu lenyewe, kwa sababu uchachushaji huzalisha joto lake, na katika siku tatu za mwanzo, ambazo huamua sehemu kubwa ya ladha, dumu kubwa huweza kukizidi chumba kwa nyuzi kadhaa.

Siku hizi natumia hamira ya mvinyo iitwayo Lalvin 71B, inayofanya kazi kati ya nyuzi 15 na 30, hutunza harufu ya tunda, na hula sehemu ya asidi ya maliki, ile inayoyapa matofaa uchachu, jambo ambalo huyafaa sana matofaa makali. Hamira nyingine, EC-1118, huvumilia joto hilohilo na haihitaji lishe nyingi, lakini kwa ulimi wangu tunda hufifia mno. Anayeishi Gulu au Arua, kaskazini mwa Uganda kwenye joto zaidi, hasa wakati wa kiangazi, ningemshauri achukue hamira ya K1-V1116, ambayo hufika nyuzi 35. Kabale kuna baridi, na huko uchaguzi ni mpana zaidi.

Kveiki, hamira ya kienyeji ya bia kutoka Norwei, hustahimili hata nyuzi 40, ila maji ya matofaa yana naitrojeni kidogo, ambayo ni lishe ya hamira, na kveiki ina njaa kubwa; harufu ya yai viza ikitokea, mara nyingi ndiyo dalili ya njaa hiyo. Mimi huchemsha kijiko cha hamira ya mkate katika maji kidogo, nikaipoza, kisha nikaitia kwenye dumu mwanzoni iwe chakula cha hamira iliyo hai.

Joto likipanda kupita kiasi, naliweka dumu ndani ya beseni la maji na kulizungushia taulo bichi, ambalo nalilowesha tena asubuhi na jioni mpaka povu litulie.