Mashine ya boti iliyozama ziwani haianikwi juani

Wapo wanaoshauri kwamba mashine ya boti iliyolala chini ya Ziwa Victoria usiku kucha ianikwe juani siku mbili. Hapana, haianikwi; inatakiwa ifunguliwe na iwashwe siku hiyo hiyo inapotolewa, kwa sababu kutu hushika silinda na beringi kwa kasi pale chuma chenye unyevu kinapokutana na hewa. Ndiyo maana fundi asiyeweza kuishughulikia mara moja huiacha ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi hadi apate nafasi, jambo ambalo wenye boti wengi hulishangaa.

Toa plagi za cheche, ilaze mashine matundu ya plagi yakitazama chini, kisha vuta kamba ya kuwashia taratibu hadi maji yaishe. Mwaga petroli yote ya kabureta na ya tangi, tia oili kidogo ndani ya silinda, funga plagi kavu, na ikiwaka iache ingurume angalau nusu saa huku ikipata maji ya kuipoza.

Ikiwa ilizama huku inafanya kazi na sasa kamba inakataa kuvutika, usiilazimishe: maji hayashindiliki kama hewa, hivyo huenda konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni) imepinda, na hapo ni lazima ifunguliwe yote. Kwa mashine ambazo petroli yake haichanganywi na oili, badilisha oili ya injini, uiwashe kwa muda, ubadilishe tena, hadi itakayotoka isiwe na weupe wa maziwa.